Maji, mchanga na mwamba: mwongozo kamili kwa mwenye hoteli ndogo ya ufukweni

Ilikuwa Januari, hoteli imejaa, mgeni mmoja akaja mapokezi na kichwa kimejaa shampuu isiyotoa povu. Maji ya bombani yalikuwa na ladha ya bahari. Fundi alikimbilia kwenye tangi akidhani kuna bomba limepasuka, akakuta kila kitu kizima. Kisima ndicho kilichogeuka. Wiki tatu mfululizo tulikuwa tukivuta maji mchana kutwa kujaza bwawa na kumwagilia majani ya bustani, na chumvi ikapanda kutoka chini. Kisima kile hakikurudi katika hali yake mpaka masika yalipokwisha. Miezi yote hiyo tulinunua maji ya gari.

Tangu siku hizo nimeamini kwamba hoteli ya ufukweni ina maghala mawili. La kwanza lina mashuka, mchele na soda, na mtunza ghala hulihesabu kila wiki. La pili lina maji ya chini ya ardhi, mchanga na mwamba wa matumbawe. Hilo halina anayelihesabu, na ndilo linalomfanya mgeni apande ndege. Mwongozo huu ni wa kulihesabu ghala la pili na kulitunza. Nimeuandika kwa wenye hoteli za vyumba vitano hadi thelathini, wasio na mhandisi wala afisa mazingira wa kuajiri. Mifano mingi ni ya pwani ya mashariki ya Unguja kwa kuwa huko ndiko nilikofanya kazi, lakini mtu wa Diani, Mafia au Pangani atakuta mengi yanamhusu.

Hatua ya kwanza: fungua daftari

Nunua daftari gumu la kurasa nyingi, futi ya mita 50, na kalamu ya kupima chumvi, kile kidude kidogo cha betri unachokitumbukiza kwenye glasi ya maji kikakusomea namba. Tafuta pia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la mwaka mzima, ulibandike mapokezi na jikoni.

Kabla hujapima chochote, kaa na wazee wa kijiji. Waulize mstari wa maji ulikuwa wapi walipokuwa vijana, visima vya zamani vilichimbwa wapi na kwa nini pale, samaki gani walivuliwa mbele ya kiwanja chako na leo hawaonekani. Andika majibu kwenye kurasa za mwanzo. Mzee mmoja wa Jambiani alinionyesha kisiki cha mnazi kilichokuwa kikizama kila bamvua, yaani siku za maji makubwa, akaniambia chini ya mnazi ule ndipo walipokuwa wakikausha dagaa. Kwa neno hilo moja nikawa na kipimo cha nusu karne, na hakuna mtaalamu ambaye angeweza kunipa.

Kisha kwa kila kitu, yaani maji, mchanga, mwamba, miti na kivuli chake, andika mambo manne: kinanipa nini, nani mwingine anakitegemea, nini kinakiharibu, na nitajuaje mapema kwamba kinaharibika. Swali la nne ndilo linalowashinda wengi. Hatua zinazofuata zinalijibu.

Hatua ya pili: kijue kisima chako

Upande wa mashariki wa Unguja ni maweni, jiwe la matumbawe ya kale lenye matundu na nyufa kila mahali. Mvua ikinyesha haitengenezi mto, inazama. Huko chini maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi, mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Kanuni ya wataalamu wa maji inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake: ukivuta mpaka maji ya kisima yakashuka sentimita 10 tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kama mita 4. Ndiyo maana fundi akikushauri uchimbe zaidi kisima kinapoanza kuwa na chumvi, mkatalie. Unaifuata chumvi kwake.

Mzigo tunaouweka wenye hoteli si mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani hii ulikuta mtalii mmoja akitumia wastani wa lita 685 kwa siku, wakati mwenyeji alitumia lita 48. Na wote wawili wanateka kwenye maji yaleyale. Kisima chako kikigeuka, visima vya majirani navyo viko njiani, na wao hawana pesa ya gari la maji.

Fanya hivi:

Kila Jumatatu alfajiri, kabla pampu haijawashwa, teka maji ya kisima kwenye glasi safi, upime na uandike. Maji yenye chumvichumvi zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita huanza kukataliwa na mdomo, lakini usiisubiri namba hiyo. Tazama mwendo. Kama kipimo kimepanda kwa moja ya tano ndani ya wiki mbili, punguza kuvuta siku hiyohiyo.

Vuta polepole. Pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi kwa mapumziko ni salama kuliko pampu kubwa inayokausha kisima kwa saa mbili. Kwa hiyo unahitaji tangi kubwa, na lijengwe juu kiasi cha maji kuteremka yenyewe hata umeme ukikatika. Waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa gizani karibu miezi mitatu baada ya waya wa baharini kuharibika, hawahitaji kuelezwa faida ya tangi la juu.

Funga mita kwenye kila njia: vyumba, jiko, dobi, bwawa, bustani. Zisome saa tano usiku, uzisome tena saa kumi na moja alfajiri. Wageni wamelala, jiko limefungwa, na kama namba imesogea sana, maji yanavuja mahali. Mara nyingi ni choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri robo saa bila kuvuta. Ikitokea rangi kwenye bakuli la choo, badilisha mpira wa ndani. Ni kazi ya dakika kumi, na choo kimoja kinachovuja kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku.

Sasa bustani. Utafiti ule wa 2001 uliikuta ndiyo mlaji mkubwa wa maji kwenye hoteli kubwa, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Majani ya kukata kwa mashine, yale ya viwanja vya mpira, hayana kazi ufukweni. Yang'oe. Acha mchanga, panda mikadi, minazi na mimea ya pwani inayojua kiangazi, na inayohitaji maji ipe ya kuogea yaliyopitishwa kwenye chujio la mawe na mchanga. Mgeni aliyesafiri saa kumi hakuja kutazama uwanja wa mpira.

Mvua nayo ihesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 200, mwaka wenye milimita 1,000 tu za mvua, hata ukitoa moja ya tano inayopotea, linakupa lita 160,000. Anza na mapaa ya jiko, ghala na nyumba za wafanyakazi, ambayo mara nyingi ni ya bati. Makuti hutia maji rangi, lakini nayo si kikwazo: kule Chumbe, kisiwa kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994, mabanda saba ya wageni yana mapaa ya makuti na yanaishi kwa maji ya mvua, yaliyopita kwenye chujio na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya banda lenyewe. Vyoo vyao havitumii maji kabisa.

Bwawa lifunike usiku. Bwawa la mita za mraba 50 likipoteza milimita 5 kwa siku kwa jua na upepo, hizo ni lita 250 zinazopaa kila siku bila mtu kuogelea.

Mashine ya kuondoa chumvi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Inafanya kazi, lakini inakula umeme mwingi na inabakiza maji ya chumvi kali yanayotakiwa kumwagwa mahali. Anayeiuza asipokuambia yatamwagwa wapi, usisaini.

Hatua ya tatu: majitaka yako yanaenda wapi?

Maweni yaleyale yanayopokea mvua hupokea pia choo. Shimo lisilo na sakafu, lililochimbwa kwenye jiwe lenye nyufa, halichuji kitu. Linamwaga moja kwa moja kwenye maji ya kisima na mwishowe baharini, ambako mbolea yake huotesha majani juu ya matumbawe na kuyaziba.

Jenga karo lililofungwa chini na pembeni, lenye vyumba viwili au vitatu, kisha maji yanayotoka yapite kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete kabla ya kwenda kwenye miti. Liweke mbali na kisima kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Ile mita 30 inayotajwa sana kwenye udongo wa kawaida, kwenye maweni naiona ndogo. Peleka maji ya kisima maabara mara mbili kwa mwaka, mara moja kiangazi na mara moja katikati ya masika, maana mvua kubwa ndiyo inayosukuma uchafu. Gari la kunyonya likija, dereva aandike jina na mahali anapokwenda kumwaga. Akisitasita, mtafute mwingine.

Hatua ya nne: mchanga, na ukuta unaokudanganya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea kwa hofu.

Ufukwe hautulii mahali pamoja. Kusi ikivuma, mchanga husukumwa upande mmoja, na kaskazi ikirudi, sehemu yake hurudi nayo. Mtu aliyenunua kiwanja Februari akaona bahari imekula mita sita Julai, anaita mafundi wa mawe wiki hiyohiyo. Huenda mchanga ule ungerudi Desemba. Kwa hiyo pima kwanza.

Chagua alama mbili au tatu zisizosogea, kama pembe ya jengo la mawe. Kila mwezi, siku ya bamvua, vuta futi kutoka kwenye alama hadi mwisho wa mimea, kisha hadi kwenye mstari ambao maji yaliishia. Andika namba zote mbili na upige picha ukiwa umesimama palepale. Ukiwa na miezi kumi na miwili utajua kama ufukwe wako unapumua au unakufa. Mstari wa mimea ukirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, huo ni mmomonyoko wa kweli.

Ukuta nimewahi kuusimamia mwenyewe. Mawimbi yalipogonga saruji hayakuwa na pa kupanda, yakarudi kwa nguvu na kuchota mchanga wa chini. Miaka miwili baadaye jengo lilikuwa salama, ufukwe wa mbele ulikuwa mawe matupu, na jirani upande wa kaskazini, ambaye hakuwa na ukuta, alipoteza minazi minne mahali ukuta wetu ulipoishia. Nilikwenda kumwomba radhi. Minazi haikurudi.

Badala yake, rudisha mimea. Mlakasa, ule mmea utambaao wenye maua ya zambarau ambao wafanyakazi huufyeka ili pawe pasafi, ndio unaoshika mchanga. Majani ya bahari yanayotupwa na mawimbi usiyazoe yote. Safisha njia ya wageni, mengine yaache kwenye mstari wa juu yanase mchanga unaopeperuka, na waeleze wageni kwa kibao kifupi. Baa ya ufukweni ijenge kwa mbao juu ya nguzo, iwe ya kufunguliwa na kusogezwa. Majengo ya kudumu yasogee nyuma: Zanzibar mpaka ni mita 30 kutoka mstari wa maji ya juu, na Tanzania Bara Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60. Ukipata nafasi ya kuzidisha, zidisha.

Kama maji yamefika kwenye msingi na huna budi, usijenge peke yako. Waite wenye viwanja wote wa ghuba hiyo, mhandisi wa pwani mmoja, na maombi mamoja kwa mamlaka ya mazingira, ZEMA kwa Zanzibar, NEMC kwa Bara. Ufukwe mmoja hauwezi kukatwa vipande kwa hati za viwanja.

Anayedhani natia chumvi aende Dar es Salaam akapande daladala ya kwenda Africana. Jina lile lilikuwa la hoteli ya ufukweni upande wa Kunduchi. Mchanga ulichimbwa kwenye vijito vilivyokuwa vikiulisha ufukwe, mwamba wa mbele ukapigwa baruti na wavuvi, bahari ikaichukua hoteli, jina likabaki kituoni. Na Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa kisiwa chenye miti ambako kasa walitaga. Miti ilipokwisha, kisiwa kilibaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa halionekani.

Hatua ya tano: mlango wa jikoni

Mchanga mweupe wa pwani hii umetoka kwenye matumbawe, makombe na majani magumu ya baharini. Mtengenezaji mmoja wake ni pono. Anatafuna mwamba kwa meno yake kama kasuku anavyovunja mbegu, na kinachotoka tumboni ni mchanga safi. Hoteli inayoweka pono kwenye menyu kila siku inakula ufukwe wake, na mwamba pia, maana samaki huyo ndiye anayekwangua majani yanayoyasonga matumbawe.

Kwa hiyo ulinzi wa mwamba uanze pale mchuuzi anaposimama asubuhi na ndoo yake. Weka mizani nje ya mlango wa jiko, si ndani. Pweza asiyefika gramu 500 hairuhusiwi kisheria kumvua Tanzania, na mpishi anapaswa kukataa mbele ya watu, kwa adabu: "Huyu mdogo, ndugu yangu, mwache akue, niletee wa kilo nitakupa bei nzuri." Kisha alipe hiyo bei nzuri kweli. Kamba koche mwenye mayai arudi baharini. Kisiwa Panza, Pemba, wavuvi wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua huwa sherehe. Kijiji chako kikiamua hivyo, hoteli iahidi mapema kununua siku ya kufungua.

Boti zifungwe kwenye maboya, nanga isitupwe juu ya matumbawe. Maji yakipwa, wageni wapite njia moja iliyochaguliwa, na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, asitolewe majini kwa ajili ya picha.

Bahari ikipata joto kupita kiasi, kama ilivyokuwa 1998, 2016 na tena 2024, matumbawe hupauka. Kupauka si kufa. Joto likishuka mapema, mengi hupona, na wiki hizo ndizo za kuyaacha bila kuguswa: punguza safari za kuogelea mahali palipopauka, simamisha kazi yoyote inayotibua matope. Tazama hasa Februari hadi Aprili. Wanawake wanaolima mwani hapo mbele yako wataliona joto kabla yako, kwa sababu mwani wao huoza kambani. Waulize.

Hatua ya sita: siku ya dhoruba

Kwa miaka mingi tuliambiana vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Hoteli zisizo na akiba zikajikuta na wageni wasioweza kuondoka.

Teua mtu mmoja wa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi na jioni kuanzia Machi hadi Mei. Tahadhari ikitolewa: vuta boti juu, angua nazi zote zilizo juu ya njia na mabanda, jaza matangi, nunua mafuta ya jenereta, funga makuti kwa wavu na kamba. Wakati wa upepo wageni wote wakae kwenye jengo la mawe lenye paa zito, na orodha yao iwe kwenye karatasi.

Tsunami inahitaji maneno yake. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi kutoka Sumatra yalifika mpaka kwetu, na watu walikufa Tanzania. Kote duniani wageni hufundishwa kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla, kimbia. Lakini Paje na Jambiani bahari hurudi nyuma mbali sana kila siku, na mgeni hawezi kujua lipi la kawaida. Anayejua ni mfanyakazi mwenye jedwali la maji kichwani. Ndiyo sababu nilisema libandikwe. Mfundishe kila mlinzi na kila mhudumu wa ufukweni: maji yakipwa saa isiyo yake, piga filimbi, watu waelekee bara, hakuna kurudia simu wala pochi.

Hatua ya saba: kwa sheha, na daftari mkononi

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya msimu wa Julai na kabla ya ule wa Desemba, omba kikao kwa sheha, kiongozi wa serikali katika eneo lako, pamoja na kamati ya wavuvi, kina mama wa mwani na wanaosimamia kisima cha kijiji. Usiende na hotuba. Nenda na namba: chumvi ya kisima ilikuwa ngapi, tumevuta lita ngapi, ufukwe umesogea kiasi gani. Uliza na wao wameona nini. Kisima chao kikiwa na chumvi kuliko chako, wewe ndiye wa kupunguza, hata kama hoteli imejaa.

Kwenye bajeti ya mwaka, tenga fungu lenye jina lake kwa kazi hizi, lisichanganywe na matengenezo ya vyumba, la sivyo litaishia kwenye viyoyozi. Na meneja akiondoka, asikabidhi funguo peke yake. Akae na anayeingia alfajiri ya Jumatatu moja, wapime kisima pamoja, wavute futi kutoka pembe ya jengo hadi mstari wa maji, na wote wawili watie sahihi chini ya namba walizozikuta.